Mzungu wa Kazi na Wabeba Barua: Uhakiki wa Wasifu wa Alexander Mackay

Utangulizi

Mwaka 1890 kampuni ya Hodder and Stoughton ya London ilichapisha kitabu kinene kiitwacho A. M. Mackay, Pioneer Missionary of the Church Missionary Society to Uganda. Ukurasa wa jina haukumtaja mwandishi. Ulisema tu kwamba kimeandikwa na dada yake. Dada huyo ni Alexina Harrison. Kaka anayesimuliwa ni Alexander Murdoch Mackay, Mskoti aliyezaliwa Rhynie, Aberdeenshire, tarehe 13 Oktoba 1849, akafariki kwa homa mwezi Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Aliondoka Uingereza Aprili 1876 akiwa na umri wa miaka 26 na hakurudi tena. Hivyo, kwa muda wa karibu miaka 14 dada alimjua kaka yake kwa barua tu, na alipofariki akamwandika kwa barua hizohizo.

Makala hii inakihakiki kitabu hicho kama kazi ya wasifu. Wanahistoria wa Uganda na wa ukanda wa Ziwa wamekitumia vya kutosha kama chanzo cha tarehe na matukio. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekipita, labda kwa sababu kimeandikwa kwa Kiingereza, labda pia kwa sababu vitabu vya wamisionari hudhaniwa kuwa vinajulikana kabla havijafunguliwa. Hoja ninayoitetea ni hii: kitabu kinamjenga Mackay kuwa mtu wa kazi, na kwa kazi hiyo kinamfanya kuwa babu wa jamii nzima ya waumini, lakini kazi iliyokiwezesha kitabu chenyewe kuwepo, yaani kazi ya wapagazi na wabeba barua, imebaki bila wenyewe. Ukimya huo una kanuni, na kanuni hiyo inasomeka ndani ya kitabu.

Sina budi kueleza pia ninakosimama. Nilizaliwa Mtinko, Wilaya ya Singida, katika nchi ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Ituru. Mtafiti hushauriwa kuiweka kando nasaba yake anapohakiki. Katika suala hili nimeshindwa kufanya hivyo, na sehemu inayofuata inaeleza sababu.

Ituru kabla ya barua

Maisha ya Mackay yanaposimuliwa, Afrika huanza kwa barua. Tarehe 14 Aprili 1875 Henry Morton Stanley, akiwa kwa Kabaka Mutesa, aliandika barua ya kuwaita wamisionari waende Buganda. Gazeti la Daily Telegraph liliichapisha tarehe 15 Novemba mwaka huo. Mackay, wakati huo mhandisi wa mitambo nchini Ujerumani, alijitolea kwa CMS, shirika la misheni la Kanisa la Anglikana, na miezi michache baadaye alikuwa melini. Harrison anaupanga usimulizi wake kwa utaratibu huu wa wito na mwitikio, nao ni utaratibu wenye nguvu, kwa kuwa unampa mhusika mwanzo safi: sauti inaita kutoka mbali, naye anaitika.

Hata hivyo, barua hiyo ya Aprili ilikuwa na safari nyuma yake. Januari 1875 msafara wa Stanley ulitoka Ugogo kuelekea Ziwa ukapita Ituru. Humo njiani Edward Pocock, kijana wa Kiingereza, alikufa kwa homa. Siku chache baadaye mtu wa msafara aitwaye Kaif Halek, ambaye alikuwa mgonjwa na amebaki nyuma, alikutwa ameuawa. Kisha, mahali ambapo Stanley alipaita Vinyata, yalizuka mapigano ya siku kadhaa kati ya msafara na Wanyaturu. Msafara ulipoteza zaidi ya watu 20. Vijiji vilichomwa moto. Stanley mwenyewe anayasimulia hayo katika Through the Dark Continent cha mwaka 1878.

Kaif Halek alikuwa nani? Mwaka 1871 Stanley alimkuta Unyanyembe akiwa na mfuko wa barua za David Livingstone, uliofungwa Unguja mwezi Novemba 1870. Akamchukua hadi Ujiji ili mfuko ufike mkononi mwa mwenyewe. Kwa maneno mengine, mtu aliyeuawa Ituru ndiye aliyembebea barua Mskoti mashuhuri kuliko wote waliowahi kukanyaga nchi hii. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu kwa muda. Shuleni tulifundishwa Livingstone, Stanley na Ujiji, tukakariri na miaka. Hakuna aliyetuambia kwamba mbeba barua wa Livingstone aliuawa kwetu, wala kwamba waliomuua ni watu wetu. Simtaji hapa ili kuwatetea au kuwashitaki wahenga wa Ituru. Ninachotaka kionekane ni kwamba miezi mitatu kabla ya barua iliyomwita Mackay kuandikwa, msafara uleule uliozaa barua hiyo ulikuwa umeacha maiti katika nchi ya Wanyaturu, na mmoja wa maiti hao alikuwa mtu wa barua. Wasifu unaouanzisha wito Buganda unaanza katikati ya safari.

Dada kama msimulizi

Katika taaluma yetu neno wasifu halijawahi kutengana na sifa. Shaaban Robert alipomwandika Siti binti Saad hakuona haja ya kuficha kwamba anamsifu. Mzizi wa neno wenyewe ulimruhusu. Sifa, kwa Kiswahili, ni namna mtu alivyo, na pia ni maneno mazuri yanayosemwa juu yake. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, si kosa kwamba Harrison anamsifu kaka yake. Swali la kihakiki ni anamsifu kwa kutumia nini.

Sura za utotoni ndizo zenye uhai zaidi, kwa sababu zinatokana na kumbukumbu za nyumbani. Baba, mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, anamfundisha mwanawe mwenyewe, hata kwa kuchora maumbo ya jiometri mavumbini kwa fimbo wakiwa matembezini. Mtoto anavutwa na karakana ya mhunzi kuliko na michezo. Anatembea hadi Huntly kulitazama gari-moshi likisimama stesheni kwa dakika chache, kisha anarudi kwa miguu alikotoka. Ni kisa kidogo, lakini kinambeba mhusika mzima: hamu, subira, miguu. Msomaji anaujua mwili wa mtoto huyu.

Baada ya mwaka 1876 mwili huo unafifia na kalamu inachukua nafasi yake. Msimulizi anaunganisha barua na shajara kwa maelezo mafupi, na kwa kurasa nyingi tunamsikia Mackay peke yake. Dada anastahili kupewa haki yake hapa. Ni rahisi kukiita kitabu hiki propaganda ya ukoloni na kusonga mbele, lakini angekuwa mpiga propaganda tu, angepunguza ukali wa kaka yake. Hakuupunguza. Mabishano ya mwaka 1879 katika baraza la Mutesa kati ya Mackay na Padre Lourdel, Mfaransa, yamo, na Mackay anatokeza kuwa mtu mgumu, mwenye haraka ya kuhukumu, asiyependa kushindwa kwa hoja. Msomaji wa leo anaweza asimpende. Hilo ni dalili ya uaminifu wa msimulizi.

Wakati wa kuchapishwa kwa kitabu nao una uzito wake. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki. Kaburi la Usambiro likaangukia upande wa Wajerumani, na Buganda upande wa Waingereza. Kampuni ya William Mackinnon, Mskoti mwingine, mzaliwa wa Campbeltown, ilikuwa na hati ya kifalme tangu 1888 na ilikuwa ikijiandaa kuingia Uganda. Msomaji wa London aliyenunua kitabu cha Harrison hakuwa akisoma habari za marehemu tu. Alikuwa akiulizwa, hata kama mwandishi hakukusudia, iwapo nchi ambayo Mskoti huyu aliifanyia kazi haikuwa tayari yake kwa namna fulani. Kazi ikawa hoja ya umiliki.

Kazi ya nani?

Hapo ndipo linapokuja jina la utani ambalo limemfuata Mackay hadi leo: Mzungu wa kazi. Sophia Lyon Fahs alipomwandikia watoto wa Marekani mwaka 1907 alilifanya kuwa jina la kitabu, Uganda's White Man of Work. Katika Kiingereza maana inafungika mara moja: huyu ni mzungu mchapakazi. Kiswahili hakifungi hivyo. A-unganifu huunganisha nomino mbili bila kusema uhusiano wao ni upi. Mzungu wa kazi anaweza kuwa mzungu afanyaye kazi. Anaweza kuwa mzungu aliyepo kwa ajili ya kazi, kama tusemavyo nguo za kazi au siku za kazi, tofauti na mzungu wa safari anayepita tu. Anaweza pia kuwa mzungu mwenye kazi mkononi, anayeitoa na kuisimamia: ukitaka ujira, mwone huyo. Katika Singida ya utoto wangu bwana shamba hakuwa mtu aliyelima. Alikuwa mtu ambaye akija, wengine walilima. Muundo wa jina hilo ni tofauti, lakini mantiki yake inafanana.

Jina lenyewe, aidha, ni la Kiswahili. Kiganda kina neno lake la kazi, nalo si hili. Inaelekea, basi, kwamba jina lilitokana na watu wa lugha ya misafara, yaani wapagazi, vibarua na mabaharia wa kutoka pwani, au watu wa barazani waliozungumza nao, kwa kuwa Mutesa na wakuu wake walikijua Kiswahili na Mackay mwenyewe alianza kufundisha kwa tafsiri za Kiswahili za Askofu Edward Steere. Kama dhana hii ni sahihi, wale ambao kitabu hakiwapi majina ndio waliompa mhusika wake mkuu jina, na jina hilo ndilo lililodumu.

Barabara ya Saadani hadi Mpwapwa ni mfano ulio wazi. Mwaka 1877 Mackay, aliyekuwa amerudishwa pwani kwa ugonjwa, alipewa jukumu la kufungua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilomita zipatazo 370. Njia ilifunguliwa. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe, na mizigo ikarudi mabegani mwa watu, mahali ilipokuwa tangu zamani. Kama kisa cha uhandisi ni kushindwa kwa heshima, na Mackay anakisimulia vizuri: miti, mabonde, tope, mito. Tazama lakini sarufi ya usimulizi. Vitenzi vya kukata, kuchimba na kujaza vina nafsi ya kwanza. Walioshika shoka na sururu hutokea kwa wingi na kwa ujumla, watu wangu, vibarua, na hutokea hasa wanapochelewa, wanapougua au wanapotoroka. Mtoro anaonekana. Anayebaki na kukata mti hadi jioni haonekani. Nadhani mtu yeyote aliyewahi kusimamia kazi ataitambua sarufi hiyo, pamoja na mimi, ambaye nimeajiri vibarua wa kuvuna alizeti na nikikumbuka msimu mzima namkumbuka yule aliyekimbia na malipo ya awali.

Mwaka 1882 kuna tukio linalopingana kidogo na picha hiyo. Mama yake Mutesa alifariki, na Mackay akaombwa kutengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine, makubwa kupita kiasi. Hapa alifanya kazi pamoja na mafundi wa Kabaka, watu wenye ufundi wao wa chuma na shaba. Kwa muda mfupi usimulizi unakuwa wa karakana: nyundo zaidi ya moja zinasikika. Ni moja ya sehemu ninazozipenda zaidi katika kitabu, na ninasikitika kwamba inapita haraka.

Kanuni ya majina

Isije ikadhaniwa kwamba kitabu hakina majina ya Waafrika. Wafalme wamo, wakuu wamo. Na wamo vijana watatu ambao kila Mwanglikana wa Uganda anawajua: Yusufu Lugalama, Makko Kakumba na Nuwa Serwanga, waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga tarehe 31 Januari 1885. Walikuwa vijana wa misheni, na walikamatwa Mackay na mwenzake Robert Ashe walipokuwa njiani kwenda ziwani. Kurasa hizo zina uchungu wa kweli. Hakuna anayeweza kuzisoma na kudhani kwamba Mackay hakuwapenda.

Lakini ndipo kanuni inapojitokeza. Lugalama aliingia katika kitabu kwa kifo chake. Kabla ya hapo alikuwa kijana wa nyumbani, mmoja wa wengi waliochota maji, waliopika na kubeba mizigo. Kilichompa jina ni kufa katika imani. Katika kitabu cha mtu aitwaye Mzungu wa kazi, kazi inampa jina mtu mmoja tu. Wengine wote hupata jina kwa kufia dini, kwa kutawala, au kwa kutenda kosa. Wafanyakazi waliokufa bila kufia chochote, kwa ndui au kuhara au kuchoka kando ya njia, hubaki kuwa hesabu.

Inafaa kumlinganisha hapa Mskoti mwingine. Joseph Thomson alikuwa na miaka 21 tu mwaka 1879 alipoachiwa msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia baada ya kiongozi wake, Keith Johnston, naye Mskoti, kufariki Behobeho. Alimtegemea Chuma, yule aliyeshiriki kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, na alipoandika kitabu chake cha mwaka 1881 alimwandika Chuma kama mhusika: mwenye mbinu, majigambo na ufundi wa kuongoza watu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba vitabu vya zama zile havikuweza kufanya hivyo. Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika tanzu. Thomson anaandika safari, na safari haiendi bila kiongozi wa msafara. Harrison anaandika babu, na babu huhitaji kusimama peke yake kwenye shina.

Babu asiye na uzao

Mackay hakuoa na hakuacha mtoto. Mwaka 1887 Mwanga alimfukuza Buganda, akahamia Usambiro, akajenga nyumba na karakana, akaendelea kutafsiri na kuchapa. Mwaka 1889 Stanley alipita hapo na msafara wake akirudi pwani, akakaa kwa siku kadhaa. Mackay hakutaka kuondoka naye. Miezi michache baadaye alikuwa amefariki. Mwaka 1927 mabaki yake yalifukuliwa na kupelekwa Namirembe, Kampala, yakazikwa kwenye kanisa kuu.

Uhamisho huo nauona kama sura ya mwisho ya wasifu wa Harrison, ingawa haikuandikwa naye. Babu wa damu huzikwa anapofia, na wajukuu hulifuata kaburi. Babu wa kitabu huhamishwa hadi walipo wajukuu. Uganda ilipata babu wake wa Kiskoti. Usambiro, ambako jina lake halina wa kulidai, ilibaki na shimo. Sisemi kwamba Waganda walikosea. Ukoo wa imani una haki ya kuwa na makaburi yake kama koo nyingine zote.

Nilikuwa nikisoma nakala ya kitabu hiki Mtinko wakati wa likizo, na bibi yangu aliniuliza huyo ninayemsoma ni nani. Nikamweleza: mzungu wa Uskoti, fundi, alikufa kule Ziwani. Akauliza kama aliacha watoto. Nikasema hapana. Akauliza, nani basi ameandika habari zake? Nikamwambia, dada yake, kwa barua alizoletewa. Akafikiri kidogo, kisha akauliza nani aliyezipeleka hizo barua, kwa kuwa wakati huo magari hayakuwapo. Nikamsimulia habari za Kaif Halek, ingawa yeye alibeba barua za Mskoti mwingine, na nikamwambia kwamba aliuawa huku kwetu.

"Alikuwa mtoto wa nani?" akauliza.

Nikamjibu kwamba wameandika jina lake tu, na jina lenyewe ni salamu ya Waarabu, maana yake hujambo. Bibi akasema hilo si jina, huyo mtu alikuwa na jina lake.